Injini Iliyohamishwa na Sensa ya Mwendo

Maneno yaliyosemwa na kamati yetu ya ufundi mbele ya wanachama, Kitengela. Yamechapishwa kwa maombi ya wenzetu wa Kajiado ambao walikuwa kazini siku hiyo wasiweze kufika.



Tumeombwa tuseme leo juu ya kitu kidogo ambacho mtu aweza kukificha ndani ya kiganja cha mkono. Kitu chenyewe ni sensa ya mwendo, ile inayofungwa kwenye giaboksi ili kuhesabu mizunguko na kupeleka habari kwa kompyuta ya injini. Swali lililoletwa mbele ya kamati ni hili: motokaa ikitolewa injini yake na kutiwa nyingine, je, injini hiyo yahitaji sensa ili ifanye kazi sawasawa, au ni njia ya mafundi ya kumaliza fedha za mwenye gari? Wanachama wetu wawili walikaribia kushikana mashati kwa ajili ya swali hili. Mmoja ni fundi wa hapa Kitengela, wa pili ni dereva wa teksi. Majina yao hatuyataji, maana wote wawili wamo humu ndani, na twaona kwamba leo wamekaa benchi moja.

Jibu letu twalitoa mapema, asije mtu akaondoka kuwahi zamu yake kabla ya kulisikia. Injini itawaka bila sensa hiyo, na gari litakwenda. Lakini kuwaka ni jambo moja na kufanya kazi sawasawa ni jambo lingine, na upungufu uliopo katikati haumwangukii tajiri aliyelala nyumbani kwake. Humwangukia dereva aliye barabarani, kisha humwangukia fundi aliyeifunga.

Sote twajua kwa nini injini zahamishwa. Gari huzeeka chasisi ikiwa bado nzima, na kuifungua injini ya zamani na kuitia pistoni na ringi mpya mara nyingi hugharimu zaidi kuliko kununua iliyotumika Japani. Basi mtu huenda Nairobi, Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, akarudi na injini juu ya pikapu. Akiwa mtu mwangalifu atarudi pia na kompyuta yake na waya zake zote. Asipokuwa mwangalifu atarudi na chuma tupu, na waya zilizokatwa kwa kisu nchi mbili kutoka kwenye soketi. Hapo ndipo taabu ya fundi huanza.

Sasa tuwasimulie habari ya teksi ile, kwa kuwa ndiyo iliyoleta ugomvi.

Gari lilikuwa Toyota DX ya zamani, ya kabureta, yenye kebo ya spidomita inayozunguka kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi. Gari la namna hiyo halina habari na kompyuta. Mwenye gari akanunua injini ya 5A-FE pamoja na kompyuta yake. Injini hiyo ilikuwa imetoka katika gari la gia za kujibadilisha zenyewe, kwa hiyo ikatafutwa giaboksi ya mkono kutoka Toyota nyingine ya zamani, nayo ilikuwa na tundu la kebo tu. Fundi akafunga kila kitu kwa siku tatu. Injini ikawaka kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa na sauti nzuri kama cherehani. Mwenye gari akafurahi, akalipa nusu, akasema nusu nyingine italipwa mwisho wa mwezi. (Habari za nusu ya pili mwazijua wenyewe.)

Dereva akaanza kazi kati ya Kitengela na Kajiado. Siku mbili za kwanza hapakuwa na neno. Siku ya tatu, alipokaribia matuta ya Isinya, akaondoa mguu kwenye mafuta, akakanyaga klachi, na injini ikazima. Akaiwasha, ikawaka mara moja, akaendelea. Jioni ikazima tena alipokuwa akiingia stendi. Baadaye ikawa mazoea: kila anapopunguza mwendo gari likiwa bado linaviringika, injini hufa. Abiria wakaanza kuchagua gari jingine. Na kuna jambo zito kuliko hasara ya abiria. Breki za gari husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ikizima gari likiwa linakwenda, dereva hubakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha kanyagio huwa gumu kama jiwe. Mbele yake labda kuna ng'ombe wanavuka, nasi twajua ng'ombe wa Kajiado hawana haraka.

Yule dereva alibadilisha plagi kwa fedha zake. Akasafisha koo la hewa. Akabadilisha pampu ya petroli. Mwenye gari akakata hasara ya siku zile kutoka kwenye malipo yake, tena akamwambia fundi kwamba ameuziwa injini mbovu na nusu ya pili hailipi. Kwa hiyo watu wawili wasio na kosa wakawa maadui, na yule mwenye fedha akakaa pembeni. Hivi ndivyo jambo hili lilivyofika kwenye kamati, na hii ndiyo sababu twaona ni jambo la chama wala si la gereji peke yake.

Tulipolichunguza gari tulikuta kwamba taa ya injini haikuwa imeungwa kabisa, kwa kuwa dashibodi ya DX ile haikuwa nayo. Tukaunga balbu ndogo. Kisha tukafanya lile ambalo mafundi wa Toyota za miaka ya 1990 walifahamu vizuri: kwenye kisanduku kidogo cha kupimia kilicho chini ya boneti, tukaunganisha tundu la TE1 na tundu la E1 kwa kipande cha waya, tukafungua swichi bila kuwasha injini. Balbu ikamweka mara nne, ikapumzika, ikamweka mara mbili. Namba 42. Katika Toyota za wakati ule namba hiyo ina maana moja: kompyuta haipati habari za mwendo wa gari. Katika gari za siku hizi, ambazo husomwa kwa mashine, kosa hilo huitwa P0500.

Tueleze sababu yake. Kompyuta yapata habari nyingi: mzunguko wa injini, hewa inayoingia, joto la maji, jinsi mafuta yalivyokanyagwa. Hizo ndizo zinazohitajika ili kutia petroli na kutoa cheche, na ndiyo maana injini huwaka bila sensa ya mwendo. Lakini kuna maamuzi mengine ambayo yahitaji kompyuta ijue kama gari limesimama au linakwenda. Dereva akiachia mafuta katika mwendo, kompyuta hukata petroli kwa muda ili isipotee bure, kisha huirudisha na kuishika injini taratibu mpaka gari lisimame. Kama haijui kwamba gari linakwenda, yaweza kukosea hesabu, mzunguko ukashuka chini kupita kiasi na injini ikafa. Si kila injini itafanya hivyo. Nyingine huvumilia, zikala mafuta zaidi kidogo na kuwasha taa tu, na dereva asijue lolote mwaka mzima. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kubishana juu ya jambo hili na kila mmoja akawa na gari la kulitolea ushahidi.

Basi dawa ya DX ile ilikuwa nini? Nyuma ya spidomita nyingi za kebo za Toyota kuna swichi ndogo ndani ya bomba la kioo, na kando yake sumaku inayozungushwa na kebo. Kila kebo ikizunguka mara moja, swichi hufunga na kufungua mara nne. Si spidomita zote zilizo nayo, lakini ile ilikuwa nayo, imekaa miaka yote bila kazi. Tukavuta waya mmoja kutoka hapo hadi kwenye tundu la kompyuta lililoandikwa SPD katika ramani ya waya. Ni waya usiofika mita mbili. Tangu siku hiyo injini haijazima kwenye matuta. Plagi na pampu alizonunua dereva zilikuwa fedha zilizotupwa.

Wako watakaouliza hesabu yake, nasi twapenda fundi mwenye kuuliza hesabu. Kebo za spidomita za Kijapani zilitengenezwa kwa kipimo kimoja: mizunguko 637 kwa kilomita moja. Kila mzunguko wapiga mapigo manne, kwa hiyo kilomita moja ni mapigo 2,548. Kutoka hapa hadi Kajiado, tukihesabu kilomita 50, kompyuta yahesabu mapigo zaidi ya 127,000. Mtu akifika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ni mapigo 42 na nusu kila sekunde. Kumbukeni hesabu hii, tutaihitaji tena.

Kabla ya kwenda mbele, tuwatulize wenye dizeli za zamani. Injini ya 3L, ya 5L, au ya 1HZ yenye pampu ya chuma haina kompyuta ya kuitawala. Ukiihamisha injini hiyo, haikuulizi habari za mwendo. Ni spidomita tu itakayokudai. Lakini 1KZ-TE yatawaliwa na kompyuta, na dizeli zote za reli ya mafuta zilizokuja baadaye vilevile. Asije mtu akasema dizeli ni dizeli.

Wenye gia za kujibadilisha nao wasibahatishe. Giaboksi ya namna hiyo yapanga gia zake kwa kulinganisha mwendo wa gari na jinsi mafuta yalivyokanyagwa. Sensa ikikosekana, gia huchelewa kupanda, au hupanda kwa kishindo, na ule mfungo wa mwisho unaopunguza joto na ulaji wa mafuta katika safari ndefu haushiki. Giaboksi hupata moto, na giaboksi iliyounguzwa ni hasara kubwa kuliko injini. Hata Honda zenye VTEC, baadhi yake hazifungui nguvu zake za juu mpaka kompyuta ijue gari linakwenda. Mwenye gari husema ameuziwa injini dhaifu, kumbe haijaambiwa kuwa iko barabarani. Nazo gari nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea zenye breki za ABS hazina sensa ya mwendo kwenye giaboksi kabisa. Habari hutoka magurudumuni, hupita katika kompyuta ya breki, huenda kwenye dashibodi, kisha ndipo hufika kwa injini. Fundi akitafuta sensa juu ya giaboksi atatafuta mpaka jua lizame.

Kupima si kazi ngumu. Inua gurudumu linalovuta, weka vigingi imara chini ya gari, usitegemee jeki peke yake (tumeshamzika mwenzetu mmoja kwa ajili ya jeki). Sensa ya waya tatu: mmoja ni umeme, mmoja ni ardhi, mmoja ni habari. Pima umeme kwanza, kisha ardhi. Halafu weka mita kwenye waya wa habari, zungusha gurudumu polepole kwa mkono, na sindano itapanda na kushuka. Isipopanda na kushuka, ama sensa imekufa ama kigurudumu cha plastiki kinachoizungusha kimekwisha meno. Mkasi wa waya hauhitajiki katika kazi hii.

Sasa tufike kwenye habari ya pili, na hii ndiyo iliyotutia hofu zaidi.

Matatu moja, Hiace ya zamani, ilitiwa injini ya dizeli ya kompyuta pamoja na giaboksi yake. Hapa sensa ilikuwepo, nayo ilikuwa nzima, na kompyuta ya injini ilipata habari zake bila upungufu. Injini ilifanya kazi vizuri sana. Lakini giaboksi ile haikuwa na tundu la kebo. Kebo ya zamani ikafungwa kwa kamba chini ya gari na kuachwa. Spidomita ikalala kwenye sifuri. Na spidi gavana, ambayo ilikuwa ikihesabu mizunguko ya kebo ile, ikalala pamoja nayo. Kwa macho gavana ilikuwa bado imefungwa na lakiri yake haijavunjwa. Kwa kazi ilikuwa imekufa.

Mwajua sheria. Tangu Notisi ya Kisheria namba 161 ya mwaka 2003, iliyotolewa wakati Bwana John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi na kuanza kutiwa nguvu mwezi wa Februari 2004, gari la abiria lapaswa kuwa na kidhibiti kinacholizuia lisizidi kilomita 80 kwa saa. Gavana haina macho. Huhesabu mapigo kama inavyohesabu kompyuta. Ikikosa mapigo, yaamini gari limesimama. Na ikipata mapigo ya hesabu nyingine, hukosea kwa kadiri hiyo hiyo. Gavana iliyopimwa kwa mapigo manne kila mzunguko, ukiifungia sensa ya mapigo manane, italikaba gari kwenye 40, na dereva atatukanwa na abiria mpaka Namanga. Lakini iliyopimwa kwa manane ikifungiwa sensa ya manne, itamwachia hadi 160. Fundi aliyekosea hesabu hii hakukusudia kuua mtu.

Dereva wa matatu ile alimwambia mwenye gari mara tatu kwamba spidomita haifanyi kazi. Akajibiwa kwamba dereva mzuri husikia mwendo kwa masikio, na kwamba wako wengi wanaotaka usukani. Siku moja akasimamishwa barabarani, gavana ikakaguliwa, naye ndiye aliyepandishwa kortini. Mwenye gari alisema hajui lolote juu ya jambo hilo, kwani gari aliliacha mikononi mwa fundi. Fundi alisema aliambiwa afunge injini, hakuambiwa habari za gavana. Wote wawili walisema kweli kwa namna yao, na faini ikalipwa na yule aliyelalamika mara tatu. Hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alilalamika.

Kwa ajili hiyo kamati imepiga chapa kitabu cha malalamiko ya gari, chenye karatasi mbili mbili na kaboni katikati. Dereva aandike ubaya aliouona, tarehe, na sahihi. Karatasi moja apewe mwenye gari au sako, moja abaki nayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi atoe habari ya hatari anayoiona kazini, na tajiri asimlazimishe kurudi kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Nazo kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zataka dereva na kondakta wawe na mkataba wa maandishi na mshahara wa mwezi. Twajua ni wangapi humu walio nao. Lakini mtu aliyeandika lalamiko lake ana kitu cha kumwonyesha hakimu, hata kama mkataba hana.

Kwa mafundi twasema hivi. Mnapotaja bei ya kuhamisha injini, tajeni pamoja nayo sensa ya mwendo, waya wake, spidomita, na kupimwa upya kwa gavana na watu wenye kibali cha kazi hiyo. Bei ya sensa ni ndogo sana kando ya bei ya injini. Mwenye gari akikataa, iandikwe kwenye karatasi ya kazi kwamba amekataa, naye atie sahihi. Asipotaka kutia sahihi, hapo mtakuwa mmekwisha kumjua kabla hajawa na deni lenu. Mwandikieni pia kwamba kubadilisha injini ni jambo la kuandikishwa kwa NTSA ili namba ya injini kwenye kitabu cha gari ilingane na iliyo chini ya boneti, na kwamba kuandikisha huko ni kazi yake mwenyewe. Namba zisipolingana, siku ya ajali kampuni ya bima itapata neno la kusema.

Na kuna kile kidude ambacho watu huuza kimya kimya, kinachotengeneza mapigo ya uongo ili kompyuta itulie na taa izime. Tumeulizwa kama ni halali kukitumia kwenye gari la kibinafsi. Kompyuta ikiambiwa gari linakwenda 50 wakati limesimama, umebadilisha ujinga mmoja kwa mwingine. Kukifunga kwenye gari la abiria ili kuidanganya gavana ni jambo ambalo chama hakitamtetea mtu yeyote, awe mwanachama wa siku nyingi au wa jana. Fundi akiamriwa na tajiri kufanya hivyo, aje kwetu kabla hajafanya. Tutakwenda pamoja naye kuzungumza na huyo tajiri.

Kuhusu yule dereva wa DX na fundi wake, kamati imemwandikia mwenye gari barua mbili. Baada ya ya kwanza alilipa robo. Ya pili inangoja jibu, na tumempa mpaka mwisho wa mwezi huu.

Jumapili ijayo, saa tatu asubuhi, ile Hiace itakuwa hapa uwanjani juu ya vigingi, kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye sasa amekubali kulipia kifaa cha kuunganisha sensa na spidomita. Tutapima mbele yenu. Wenzetu wa Kajiado watakaokuja na gari la kwanza watarudishiwa nauli na mweka hazina. Mwenye mita ya umeme aje nayo, kwani ile ya chama imeungua fyuzi, na aliyeiazima mara ya mwisho anajijua.